Nyapara Yuleyule

Fanchette alikuwa ameinama anachimba viazi vikuu kengele ilipolia. Akanyooka, akashika kiuno, akatega sikio akidhani labda anasikia vibaya. Ikalia tena. Ilikuwa kengele ya shamba la Duvivray, ile yenye ufa upande mmoja, ambayo watu waliiangusha kwa mikono yao mwaka wa moto, watumwa walipochoma mashamba, wakaitumbukiza kisimani. Sasa kuna mtu kaiopoa, kaisugua matope na kuitundika upya. Fanchette akatema mate kwenye udongo aliokuwa akiuchimba, kisha akajuta, maana udongo ule haukuwa umemkosea.

"Nani huyo anachezea kengele?" alimuuliza mumewe, Lafortune, aliyekuwa anafunga migomba.

Lafortune alikuwa mtu wa maneno machache, zamani mwendesha mikokoteni ya ng'ombe, na alikuwa na tabia ya kufuta mikono kwenye suruali kila alipokuwa na jambo asilotaka kulisema. Akafuta mikono.

"Wanasema shamba limepata mpangaji," akasema. "Serikali imelikodisha. Ni Kapteni Alcindor."

Fanchette alilijua jina hilo tangu angali mtoto. Alizaliwa papo hapo Duvivray, katika uwanda wa Limonade, mama yake akiwa Mkongo aliyeshushwa melini akiwa kigoli. Utotoni alipalilia miwa na watoto wenzake. Alipopata nguvu za mikono akapelekwa kwenye kinu, kulisha miwa katikati ya magogo yanayozunguka. Kazi hiyo walipewa wanawake. Shoka liliegemezwa karibu, limenolewa, ili magogo yakimshika mtu vidole, mwenzake amkate mkono kabla hajavutwa mzima mzima. Fanchette alikaa pale miaka na miaka na akatoka na mikono yake yote, jambo ambalo wengi walilihesabu kuwa ni uchawi.

Hapo kinuni ndipo alipokabidhiwa Zéline. Alikuwa msichana mwembamba, mgeni kutoka melini, asiyejua neno la watu wa pale. Fanchette alimfundisha kulisha miwa kwa kiganja bapa, kuimba ili asisinzie, kutomtazama nyapara usoni. Zéline alijifunza yote isipokuwa hilo la mwisho. Alilala kwenye mkeka wa Fanchette, akamsuka nywele kila Jumapili, akamwita dada. Mdomo alikuwa nao. Alipopata lugha tu, akaanza kuigiza mwendo wa wakubwa, mmoja mmoja, mpaka watu wanashika mbavu.

Nyapara mkuu alikuwa Alcindor. Alikuwa mweusi kama wao, mzaliwa wa hapo hapo, mrefu, mwenye sauti tamu ya kuongozea nyimbo. Mchana mjeledi uko begani, na haukukaa begani tu. Jioni alikuja kwenye kibanda cha mama yake Fanchette, akaketi, akaletewa mchuzi wa bamia. Alikula, akajinyoosha, akasema, "Mama, leo mkono umeniuma kweli kweli." Alisema hivyo kana kwamba yeye ndiye aliyechapwa. Mama wa watu alikuwa akimpa pole.

Hata hivyo, mwaka wa moto ulipofika, Alcindor ndiye aliyekuwa wa kwanza kutia kijinga cha moto kwenye miwa. Watu wote waliona. Aliukatakata mjeledi wake vipande vipande akavitupa motoni, akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Uwanda mzima uliwaka, moshi ukafunika jua, na majivu yakawanyeshea watu waliokuwa wakicheka na kulia kwa pamoja. Siku ile Fanchette alimpenda Alcindor. Ukweli ni huo, na baadaye ulimchukiza kuliko mengi mengine.

Walipanda naye milimani, kwenye kambi ya Grande-Rivière, yeye, Zéline na mamia ya wajoli wenzao. Mama alikwisha kufa mwaka mmoja kabla. Kambini kila aliyekuwa na sauti kubwa alijipa cheo. Alcindor akawa kanali. Alivaa koti la hariri la mtu aliyeuawa, limembana kwapani, na kishada cheupe kofiani, kwa sababu wakubwa wa kambi walikuwa wameingia upande wa Mfalme wa Uhispania. Wahispania walitoa baruti, nguo na maneno mazuri. Lakini tumbo la kambi lilikuwa kubwa, na baruti haikutolewa bure.

Wanawake wakaanza kupungua. Kwanza ilisemekana wametoroka. Kisha ikasemekana walikuwa wapelelezi. Asubuhi moja Zéline aliambiwa afuatane na nyumbu kwenda kuchukua unga mpakani. Akaondoka huku akiigiza mwendo wa kanali, tumbo mbele, na waliokuwepo wakacheka. Nyumbu walirudi na mapipa ya baruti. Zéline hakurudi.

Fanchette alimkuta Alcindor anakula kuku. Alikuwa peke yake na bakuli lake, midomo inang'aa mafuta.

"Nyapara, Zéline yuko wapi?"

"Usiniite nyapara. Kanali."

"Haya, kanali. Zéline yuko wapi?"

"Yuko upande wa Wahispania. Atakula vizuri kuliko sisi huku."

"Umemuuza."

"Sauti yako." Alilamba kidole gumba, kisha cha shahada. "Alikuwa na mdomo mchafu. Kambi haiendi na watu wa namna ile. Halafu wewe, Fanchette, unajua bunduki bila baruti ni nini? Ni mchi. Unataka tutwange Wafaransa?" Akacheka mzaha wake mwenyewe. "Baruti ile ni ya uhuru wako. Ungenishukuru."

Akamsogezea bakuli. Ndani mlikuwa na shingo ya kuku na ngozi yake, vimeganda mafuta.

"Kula, mama, umekonda."

Fanchette alitoka nje, akashika mti, akatapika maji matupu, kwa kuwa hakuwa amekula kitu tangu jana yake. Aliondoka kambini juma lile lile. Nyuma yake alisikia wanaimba wimbo wa uhuru, na sauti iliyoongoza ilikuwa ile tamu, aliyoijua.

Aliporudi uwandani alimkuta Lafortune, aliyekuwa amejificha vichakani na ng'ombe wake wawili, na wakakaa pamoja. Habari za uhuru ziliwafikia kutoka mji wa Cap: serikali ya Wafaransa wenyewe imetangaza kwamba hakuna tena mtumwa. Fanchette alisikiliza akaendelea kupanda. Kwenye ukingo wa shamba la Duvivray, palipokuwa na miwa iliyoungua, walilima viazi vikuu, ndizi na muhogo, wakafuga kuku. Alikuwa anabeba mazao kichwani mpaka soko la Cap, anarudi na chumvi na kitambaa. Miaka ile alilala usingizi. Alcindor alisikika mara yuko huku, mara kule. Wahispania waliposhindwa, aliamka mtu wa jamhuri ya Wafaransa. Kishada cheupe kikatupwa, kikaja cha rangi tatu. Waliompokea walimshusha cheo wakampa ukapteni, naye akaupokea.

Ndipo ikalia kengele.

Waliitwa uwanjani mbele ya nyumba kubwa, iliyokuwa imeezekwa upya nusu. Alcindor alisimama barazani, amenenepa, buti zinang'aa, mkononi ana fimbo nene ya kokomakaki, mti mgumu kama chuma.

"Raia!" alianza. "Jenerali mkuu ametoa amri. Kila aliyekuwa mkulima wa shamba hili zamani, ni mkulima wake leo. Hakuna kuzurura. Hakuna kwenda sokoni bila cheti. Robo ya mavuno ni yenu. Na mjeledi," akatabasamu, "mjeledi umepigwa marufuku."

Bibi mmoja mzee, Man Toinette, aliyekuwa mpishi wa watoto enzi hizo, akauliza kwa sauti, "Na hiyo fimbo, kapteni, ni ya kutembelea?"

Watu wakacheka. Alcindor naye akacheka, akaizungusha fimbo hewani. "Hii ni ya mbwa, bibi. Wewe ni mbwa?"

Kicheko kikakatika. Fanchette alitazama nyuso za wenzake. Wengi walikuwa wanatazama miguu yao, namna ile ile aliyomfundisha Zéline.

Siku chache baadaye akaitwa nyumba kubwa. Alikuta meza imetandikwa, na pembeni ya Alcindor ameketi Bwana Bréjeon. Huyu alikuwa Mfaransa, msimamizi wa shamba tangu zamani, aliyekimbilia ng'ambo mwaka wa moto na sasa amerudi kimya kimya na ujuzi wake wa kupika sukari. Nywele zilikuwa zimemwisha. Hao wawili walikuwa wanakunywa tafia, pombe kali ya miwa, kwenye bilauri moja, kwa zamu.

"Fanchette!" Bréjeon akaita, kwa furaha hasa, kama aliyekutana na ndugu. "Hebu inua mikono nione. Loo! Bado yote miwili!"

Akaangua kicheko. Fanchette alimtazama Alcindor, maana Alcindor alikuwepo, alikuwa amesimama pale pale kinuni siku mkono wa mwenzao Marie-Louise ulipobaki kwenye magogo na Alcindor mwenyewe ndiye aliyeshika shoka. Alcindor alicheka. Alicheka mpaka akapiga meza kofi, tafia ikamwagika.

"Nakuhitaji humu ndani," akasema alipotulia, akijipangusa macho. "Uwe mshika funguo. Kazi nyepesi. Magoti yako najua hayataki tena konde. Utakula tunachokula. Wewe na mimi tumetoka mbali, Fanchette. Mama yako alinilisha."

"Ndiyo. Alikulisha."

"Basi."

Msichana mmoja aliingia na beseni la maji. Alcindor akanyoosha mikono bila kumtazama, akaoshwa, akafutwa, kidole kwa kidole, kisha akapangusia pua kitambaa kile kile na kumrudishia msichana. Bréjeon naye akanyoosha ya kwake. Hapo Fanchette akajua kwamba akibaki katika chumba kile muda kidogo zaidi atatapika mezani.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi nini?"

"Kuwa karibu nanyi. Mnanuka."

Bréjeon aliacha kucheka. Alcindor aliinuka taratibu, akazunguka meza, akamgusa kidevu na ncha ya fimbo. "Nenda kinuni basi," akasema kwa sauti yake tamu. "Magogo yameshatengenezwa. Yanakungoja."

Alirudi nyumbani jua likiwa bado kali. Lafortune alikuwa ameketi mlangoni. Juu ya mapaja yake palikuwa na fimbo mpya ya kokomakaki, naye anaipaka mafuta ya nyonyo kwa kitambaa, polepole, kama alivyokuwa akipaka nira za ng'ombe wake.

"Nini hicho?" Fanchette akauliza.

Akafuta mikono kwenye suruali. "Kapteni kanipa ukondakta."

"Ukondakta ndio mdudu gani?"

"Ni... kuongoza watu kondeni."

"Nyapara."

"Si nyapara. Siku hizi wanaitwa makondakta. Na fungu lake ni kubwa. Fikiri, mke wangu. Mtu lazima atakuwepo pale. Nikiwa mimi, sitapiga watu."

"Kwa nini basi unaipaka mafuta?"

Lafortune alitazama fimbo mapajani mwake kana kwamba imejiweka yenyewe. Fanchette alimpenda mwanamume yule. Alipenda ukimya wake, na jinsi alivyokuwa akiwasemesha ng'ombe kuliko watu. Sasa alitazama vidole vyake vinavyong'aa mafuta na hakutaka tena vimguse. Hili lilimuuma kuliko ya nyumba kubwa, kwa sababu Alcindor alikuwa Alcindor tangu hapo, lakini huyu alikuwa wake.

"Ukinipata kinuni nimesinzia utanifanyaje?" aliuliza.

"Fanchette, bwana we, usiongee hivyo."

"Nijibu."

"Nitakuamsha."

"Na nini?"

Lafortune alianza kulia. Fanchette akapita pembeni yake, akaingia ndani, akafunga chungu, jembe, mbegu za viazi na kitambaa chake kizuri ndani ya mkeka, akajitwika. Alitembea mchana kweupe katikati ya konde za kapteni, na waliomwona walijifanya wanapalilia. Man Toinette peke yake ndiye aliyenyanyua mkono kumuaga.

Juu ya Dondon, kwenye mashamba ya kahawa yaliyoachwa yakawa pori, walikuwepo wengine kama yeye. Mkubwa wao alikuwa mwanamke aliyeitwa Jacquotte, mtu wa vita na wa matusi, mwenye kovu la risasi shavuni. Walilima vipande vidogo vidogo vilivyofichwa na miti. Ukungu, baridi, mvua kila alasiri. Magoti ya Fanchette yalimlaani. Lakini chakula kilikuwa chake.

Kisha Wafaransa wakaja kutoka ng'ambo na manowari nyingi kuirudisha nchi kama ilivyokuwa, utumwa na yote. Mji wa Cap ukaungua, majenerali weusi wakapigana nao, halafu mmoja mmoja wakajisalimisha na kupewa vyeo vyao upya chini ya Wafaransa. Alcindor hakuchelewa. Alitumwa kuwasaka watu wa milimani, na kazi hiyo aliiweza. Askari wake walipanda Dondon, wakang'oa viazi vingali vichanga, wakachoma vibanda, wakawatundika watu watatu wa Jacquotte kwenye mibuni. Fanchette alijilaza tumbo-chini ndani ya mkondo wa maji, akausikia wimbo wao ukipita juu yake.

Masika yalipoisha, Wafaransa wakaanza kuwashuku hata weusi waliowatumikia. Waliwafunga mawe wakawatosa baharini, askari, wake zao, watoto. Habari hizo zilifika milimani kabla ya Alcindor mwenyewe kufika. Alikuja asubuhi, na watu wake kama thelathini, bunduki zikiwa chini-juu kuonyesha amani. Koti limechanika, buti moja haipo, mguu umefungwa kwa jani la mgomba. Hakuwa na kishada chochote.

"Ndugu zangu," akasema, na machozi yakamtoka, ya kweli kabisa. "Nilidanganywa."

Jacquotte alimtukana mama na baba, kwa kirefu. Alcindor aliinamisha kichwa mpaka matusi yakaisha. Kisha Jacquotte akatazama zile bunduki, na Fanchette akaona anavyozitazama, akajua yamekwisha.

Alcindor akamwona. Uso ukamchangamka. "Fanchette! Mwana wa mama yangu! Waambie hawa. Wewe unanijua."

"Nakujua. Kabla sijawaambia kitu, nieleze. Zéline ulimpa nani?"

"Zéline?"

"Zéline."

Alifikiri. Alifikiri kwa bidii, mtu anayetaka kupendeza. "Yule wa jikoni? Mwenye chongo?"

"Hapana."

"Yule binti wa... ngoja. Aliyekufa kwa ndui?"

Fanchette alisubiri. Alimwona akipekua kichwani mwake akitafuta jina lile na kulikosa, na akatambua kwamba hadanganyi. Kwa miaka yote hii alikuwa amedhani kwamba mtu yule, popote alipo, anaibeba dhambi ile ingawa kidogo. Kumbe hana hata habari. Alikuwa amewauza wengi mno.

"Mama yangu, nisamehe," Alcindor akasema, "mambo yalikuwa mengi. Una chochote cha kula?"

Fanchette alikuwa na chungu cha viazi vikuu motoni. Aliwagawia askari, kila mmoja kipande, wengine walikuwa vijana wa Duvivray aliowajua wakitambaa. Alcindor alinyoosha mkono. Fanchette akampita. Alipogawa chote, akakung'uta chungu mbele yake, ukoko ukaanguka majanini, akarudi kukaa. Mtu mzima yule akainama akauokota ukoko, akaupuliza, akaula. Fanchette alitazama pembeni. Alitegemea kufurahi, na alichopata ni kile kichefuchefu cha siku zote.

"Tunazihitaji bunduki zake," Jacquotte alimnong'oneza baadaye.

"Najua. Zichukue. Ila usinilazimishe nimwite ndugu."

Alcindor alipigana vizuri, lazima isemwe. Mwaka ule na uliofuata alikuwa mbele kila mara, na Wafaransa walipoondolewa na nchi ikatangazwa kuwa ya wenyewe, alikuwa miongoni mwa waliopanda farasi mjini Cap huku watu wanawarushia maua. Safari hii alipewa ukanali halisi. Shamba la Duvivray nalo akapewa.

Fanchette alicheza ngoma siku ile, huko huko juu, mpaka magoti yakakataa. Hakuwa mjinga. Alijua kwamba hakuna meli itakayoshusha tena msichana yeyote kuuzwa katika ufuo ule, na kwa hilo peke yake alikuwa tayari kucheza na yeyote. Lakini askari wa serikali mpya walipopanda Dondon kukusanya wakulima wa kurudishwa mashambani, kila mtu kwenye shamba lake la zamani, alifunga mkeka wake akahamia juu zaidi, mahali ambapo farasi hawafiki.

Huko ndiko Lafortune alikomkuta, miaka imepita. Alipanda kwa miguu, mzee, anakohoa, mikono mitupu. Alisimama mbali kidogo na kibanda, akafuta mikono kwenye suruali.

"Nimeacha ile kazi," akasema.

"Umeacha au umefukuzwa?"

"Nimefukuzwa. Nilichoka kunyanyua mkono."

Fanchette angeweza kumrudisha chini kwa neno moja, na neno alikuwa nalo. Alimwonyesha kwa kidevu mahali pa kukaa, nje, upande wa kuni. Lafortune akaketi. Akapewa kiazi cha moto juu ya jani, akakimenya kimya kimya, akakiuma, akapuliza.

"Chumvi ipo?" akauliza.

"Ipo. Inuka uichukue mwenyewe."